Upande wa Pili wa Kinanda

Jumanne, 4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu utadhani kuna msiba. Hakuna. Kuna jambo tu, na wewe umesema siku zote kwamba mwenye jambo kubwa aliandike, asilipigie simu, maana simu hulikatakata. Basi nimekaa chini nimeandika.

Ofisi ya elimu ya eneo letu imeleta waraka. Shule tano, kinanda kimoja. Mwezi wa sita afisa atazunguka nacho garini, na shule ambayo watoto wake wataweza kupiga wimbo mzima itaachiwa, na mwalimu wao atapelekwa mafunzo ya muziki mwaka mzima. Kwenye kikao mwalimu mkuu aliuliza nani atalibeba hili. Mwalimu wa hesabu akaangalia dari. Mwalimu wa michezo akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni. Nikaona mkono umeinuka, na nilipoufuata kwa macho nikakuta ni wangu.

Sasa wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba mimi sina sikio. Uliniambia mwenyewe nikiwa na miaka tisa, mlangoni kwako, na sijasahau. Likizo ile yote nilikaa chini ya dirisha lako nikisikiliza wenzangu wakifundishwa. Dirisha lilikuwa juu, sikuona kinanda wala vidole, niliona ukuta na mchwa. Lakini ule wimbo uliokuwa ukifungia kipindi saa kumi jioni ninao hadi leo. Hunijia nikifua, nikisahihisha madaftari, nikisubiri chai ichemke.

Sikuombi unifundishe mimi. Waliokuja kujiandikisha ni watoto kumi na wawili. Wafundishe hao, mimi nitakuwa bomba tu la kupitishia maji.

Binti wa kaka yako,
Mwalimu wa darasa la tano


Jumapili, 16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na miwani. Mtu ananyoosha mkono kwanza, halafu ndipo anauliza ameunyooshea nini. Hilo umelirithi kwa baba yako, Mungu amrehemu, aliyenunua pikipiki kabla ya kujifunza baiskeli.

Nitakufundisha. Lakini nisikilize vizuri. Mimi sifundishi muziki hewani. Miaka zaidi ya arobaini wamenijia watu na vikaratasi vyao, wanataka watoto wapige meza, wapige magoti, wapige vifua, eti ni muziki. Wote niliwaonyesha mlango. Mtoto asiyesikia alichobonyeza hajabonyeza kitu. Kwa hiyo niambie kweli: kinanda mnacho? Sisemi hicho cha afisa. Chenu, cha kila siku, hata kama kimechakaa. Kama hamna, tuishie hapa hapa tubaki ndugu.

Kwenye bahasha kuna mchoro. Nimeuchora nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, kinanda mezani mbele yangu, kibao kwa kibao, na jina la kila sauti juu yake. Tutachukua wimbo wa saa kumi. Ni mfupi, hauna maringo, na naona tayari umeshauiba.

Na jambo moja la kazi. Usikodolee vidole vya watoto, tazama nyuso. Mimi sijawahi kusimama mgongoni kwa mwanafunzi. Hukaa ng'ambo ya kinanda, uso kwa uso naye, kwa sababu uso husema kosa kabla ya kidole.

Shangazi yako


Alhamisi, 27 Februari
(haikutumwa)

Shangazi,

Hapana. Kinanda hatuna.

Tuna madawati kumi na mawili. Fundi aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa ofisi alituachia nusu ndoo ya rangi nyeupe, na nyeusi nimepata mabaki ya rangi ya ubao. Jumamosi yote nilikuwa nimepiga magoti darasani na rula na brashi. Nimechora kama ulivyochora, sikuongeza wala sikupunguza: vibao vyeusi vimekaa karibu na tumbo la mtoto, viwili, vitatu, viwili, vitatu; vyeupe vinakwenda mbele; sauti za chini ziko mkono wa kulia na za juu mkono wa kushoto. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikayatazama. Jua la jioni lilikuwa limeingia, na yale madawati yalikuwa kama yanangoja mtu aseme kitu.

Jumatatu watoto walikaa. Yupo mmoja tunamwita Chiriku, hajafunga mdomo tangu darasa la kwanza, hata mtihani anaufanya kwa sauti. Aliweka vidole juu ya rangi, akanyamaza. Nimemfundisha miaka miwili na sikuwahi kujua kwamba ana pumzi ya kusikika.

Wanaimba kwa mdomo kile wanachobonyeza kwa kidole. Mimi nawaimbia kwanza, kama nilivyousikia chini ya dirisha, wao wanafuata. Ukipita nje utadhani darasa zima linazungumza usingizini.

Najua utasema tuishie hapa. Ndiyo maana sijui kama


Jumamosi, 1 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kinanda kipo. Kiko darasani kwetu, vyeupe na vyeusi vyote viko mahali pake, na watoto wanakigusa kila siku saa nane baada ya masomo. Mchoro wako umetufaa mno.

Tuletee somo la pili.

Binti yako


Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu,

Somo la pili hilo hapo, kurasa nne. Usiwarukishe. Kidole kikizoea kuruka kitaruka maisha yake yote.

Sasa nieleze hicho kinanda chenu. Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Kina sauti gani? Kila kinanda kina tabia yake. Changu kina sauti ya mtu aliyeamshwa mapema. Na kipi kinanata? Sijawahi kukutana na kinanda kisicho na kibao kinachonata, na wewe hujalalamika hata mara moja, wewe uliyekuwa ukilalamika hata uji ukipoa.

Shangazi yako


Jumapili, 6 Aprili

Shangazi,

Unauliza sauti yake. Ni ndogo sana. Ni kama mvua inapoanza kwenye majani, kabla hujaamua kama ni mvua. Ukiwa umesimama ubaoni huisikii. Lazima uje karibu, uiname, ndipo uisikie chini ya sauti za watoto. Siku nyingine narudi nyumbani nayo masikioni, nakata vitunguu kwa mwendo wake.

Hakina kinachonata. Labda kwa sababu hakijazeeka.

Watoto wamefika nusu ya wimbo. Chiriku sasa anapiga amefumba macho. Juzi mvua kubwa ilinyesha kweli, bati likapiga kelele mpaka tusisikie hata nafsi zetu, nikawaambia waache. Hawakuacha. Niliona vidole kumi na viwili vikitembea pamoja, midomo inafunguka, sauti hakuna, na mimi nikausikia wimbo wote mzima kichwani, tangu mwanzo hadi pale unaposhuka taratibu kama mtu anayeketi. Mvua ilipokatika ghafla, tulikuwa wote mahali pamoja, sauti ile ile, na hakuna aliyekuwa ameachwa nyuma. Nililia kidogo, Shangazi. Nikasingizia vumbi la chaki.

Binti yako


Ijumaa, 25 Aprili

Mwanangu,

Hiyo ya mvua nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kumwagilia maua, nikarudi nikaisoma tena.

Nimeota niko darasani kwenu. Niliingia, watoto wakaniamkia, nikatafuta kinanda nisikione. Kila nikiuliza kiko wapi wananionyesha mikono yao. Sijui ndoto hiyo ina maana gani. Pengine ni maharage.

Masomo matatu yaliyobaki hayo, la tano ndilo la mwisho. Siku ya afisa uwe mtulivu. Watoto hunusa hofu ya mwalimu wao haraka sana. Na kuna kitu nilitaka kukuambia, cha zamani. Basi, tuache. Kazi kwanza.

Shangazi yako


Alhamisi, 12 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na kaa chini kabla hujaendelea.

Nimekudanganya miezi mitatu. Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyoiandika Februari nikaificha kwenye daftari la mahudhurio. Isome kwanza. Halafu rudi hapa.

Umerudi? Basi hivi ndivyo ilivyokuwa jana.

Afisa alikuja na kinanda cha umeme, kirefu, chenye safu ya vitufe na taa ndogo. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini na peni tatu mfukoni. Walikiweka mezani mbele ya darasa, yeye akachukua kiti akakaa ng'ambo, mwalimu mkuu pembeni, karatasi za alama magotini. Chiriku ndiye wa kwanza. Akakaa. Akakitazama kinanda kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akabonyeza.

Shangazi, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kidole kitoe sauti. Darasa lote lilivuta pumzi. Lakini mimi nilijua kabla hajafika sauti ya tatu. Wimbo ulikuwa unashuka pale unapopanda. Ulikuwa umepinduka miguu juu, kila hatua ikielekea kusikotakiwa. Ajabu ni kwamba haukuwa mbaya. Ulikuwa kama kuuona uso wa mtu unayempenda ndani ya maji. Lakini haukuwa wimbo wetu. Nilisema moyoni, haya ndiyo malipo ya mtu asiye na sikio kujitia ualimu wa muziki.

Chiriku akaacha. Akasema, "Mwalimu, kinanda kimekaa kinyume. Vyeusi vimekwenda mbali."

Afisa akasema kwa upole, "Vinanda vyote hukaa hivi, mwanangu. Jaribu tena."

"Hapana. Chetu hakikai hivi."

Akateremka kwenye kiti. Akaizunguka meza yote, kandambili zake zikiburuza sakafuni, mpaka akasimama mbele ya afisa. Akamwambia, "Samahani, umekaa mahali pangu."

Mwalimu mkuu alitaka kuzama ardhini. Lakini yule mtu aliinuka, Shangazi. Aliinuka na karatasi zake, akampisha. Chiriku akapiga magoti kwenye kile kiti, akanyoosha mikono juu ya vile vitufe na taa, akafumba macho, akapiga wimbo wako wa saa kumi kutoka ng'ambo, tangu mwanzo hadi unapoketi, bila kukosea hata mahali pamoja. Alipomaliza alibaki ameacha kidole juu ya sauti ya mwisho mpaka ikafa yenyewe. Nadhani hakujua kwamba inaruhusiwa kuiachia.

Kisha wote. Mmoja mmoja wanaizunguka meza, wanakaa upande usiokaliwa na mtu yeyote duniani, wanapiga. Wa nane alipotea katikati, akaanza upya. Wengine sawa.

Afisa aliniuliza ni nani aliyewafundisha kukaa huko. Ningeweza kutunga kitu. Nilichoka kutunga. Nilimwonyesha madawati, nikamwambia yote. Alipitisha kiganja juu ya rangi ya dawati la Chiriku, pale ilipofutika kwa vidole ikabaki mbao tupu. Akasema shule mbili zilizobaki atazimaliza wiki hii, majibu baada ya wiki mbili.

Hicho ndicho nilichobaki nacho: wiki mbili, na aibu. Kama ningeituma barua ile niliyoificha, ungeona nilivyoandika kwamba vyeusi viko karibu na tumbo la mtoto, ukajua mara moja. Badala yake nimewafundisha watoto kinanda cha kinyumenyume, na wakikosa nafasi, wamekosa kwa sababu yangu. Nisamehe ukiweza.

Binti yako


Jumamosi, 21 Juni

Mwanangu,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama niko salama. Nikamwambia kuna mtoto amemwinua afisa elimu kwenye kiti. Naye akacheka, ingawa hakuelewa.

Kosa tugawane. Nusu ni yangu. Nilikuchorea kinanda kutoka kitini kwangu, na kiti changu kiko upande wa mwalimu. Tangu nikiwa msichana sijakaa upande ule mwingine, kwa hiyo nikikiota kinanda, nakiota kutoka huku. Nilijua mwenye kinanda halisi angegusa mara moja akaugeuza mchoro, hata nisimwambie. Nusu nyingine unaijua mwenyewe, na nimeshakusamehe tangu kwenye mvua. Niliposoma ile barua ya mvua nilishaanza kushuku, lakini nilitaka kiwepo.

Na yale maneno yangu makali kuhusu kupiga meza, nimeyarudisha tumboni.

Sasa zamu yangu ya kuungama, na hii si ya kucheka.

Umeandika kwamba ulijua kabla hajafika sauti ya tatu. Mtu asiye na sikio hajui, mwanangu. Mtu asiye na sikio hawezi kuwaimbia watoto kumi na wawili wimbo aliousikia ukutani miaka thelathini na moja iliyopita, wakaupiga bila kosa. Ulikuwa nalo sikio. Nililisikia siku ile ile uliposimama mlangoni kwangu ukingoja nikufungulie, unauimba kwa pua wimbo wangu wote, uliousikia kwa kupita tu njiani, hata ule mgeuko wa katikati ambao wanafunzi wangu wakubwa walikuwa wakiukosa.

Jana yake baba yako alikuwa amekuja kwangu. Mama yako alikuwa ameanza kuugua, na wewe hukujua bado. Aliniambia, "Dada, huyu ndiye pekee nyumbani. Ukimtia muziki utamchukua, na mimi nitabaki na mgonjwa peke yangu." Nilikasirika naye. Lakini nilimwona anavyotetemeka. Basi asubuhi ulipokuja nilitafuta neno la kukurudisha. Kukuambia mama yako mgonjwa halikuwa langu. Nikachagua uongo mfupi, nikakuambia huna sikio, nikafunga mlango. Nilijua upo chini ya dirisha. Ndiyo maana likizo ile niliupiga wimbo wa saa kumi mara mbili mbili kila siku. Wanafunzi walidhani nimeanza kuzeeka.

Nilikusudia kukuambia mama yako alipofariki. Halafu ulipofaulu ualimu. Halafu baba yako alipofariki. Kila mara niliona muda umepita mno. Sikuombi unisamehe kwa barua, msamaha wa barua ni mwepesi mno kwa kitu kizito hivi.

Shangazi yako


Jumapili, 6 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Siku mbili nilikuwa na hasira nawe, sitakuficha. Nilisahihisha madaftari mpaka peni ikatoboa karatasi. Nilimhesabia mtoto yule wa miaka tisa siku zote alizopita mbele ya kwaya akajiambia hapo si pako. Nilikuwa na hasira na baba pia, na yeye hawezi hata kujibu. Siku ya tatu nilikumbuka kwamba mwaka ule mama alikuwa akinishika mkono kila jioni mpaka apate usingizi, na sikujua kwamba kuna mtu alikuwa amenilipia nafasi ile. Hasira haijaisha yote. Lakini imekaa chini.

Sasa habari. Barua ya ofisi ilifika Ijumaa ya tarehe 27 Juni, na kinanda kikaletwa wiki iliyofuata. Kinanda ni chetu. Mafunzo naanza Septemba. Na kuna zaidi: kila Jumamosi watoto wa zile shule nne nyingine watakuja kujifunza kwetu. Nilipomuuliza afisa nitawafundishaje wote peke yangu, akasema, "Lakini wewe una walimu kumi na wawili." Alisema alirudi ofisini akafikiri juu ya jambo moja: mtoto anayepiga kutoka ng'ambo anaweza kumkalisha mwenzake mbele yake, amtazame usoni, amfundishe. Ameliandika hivyo kwenye ripoti. Sikumwambia kwamba ni kosa. Hata sijui tena kama ni kosa.

Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Walikuja ishirini na wanane. Watoto wangu walikaa kwenye upande wako, wageni upande mwingine, zamu kwa zamu, na wengine kwenye madawati ya rangi wakisubiri. Chiriku amerudiwa na maneno yake yote. Anafundisha kama anayeuza sokoni.

Walipoondoka nilibaki kufunga madirisha. Chiriku hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, kile cha ng'ambo. Akanionyesha kile kingine kwa kidevu, akasema, "Wewe je, Mwalimu? Hujapiga hata siku moja."

Nikakaa. Nikaweka vidole. Nikaviangalia.

"Usiangalie huko," akasema. "Niangalie mimi."

Nikamwangalia. Nikabonyeza. Sauti ya kwanza, ya pili. Nilipoelekea ya tatu nikaona nyusi zake zinapanda kidogo tu, na kidole changu kikasita hewani, kikasogea kando, kikashuka mahali pake.

Umesema msamaha wa barua ni mwepesi. Ni kweli. Shule inafungwa Alhamisi. Ijumaa saa kumi jioni nitakuwa mlangoni kwako, na safari hii sitaimba kwa pua, nitagonga. Ukae kwenye kiti chako. Mimi nitakaa kile kingine.

Mwanafunzi wako